Kuvuka milima ya Ngorongoro kwa ndege ndogo kutoka Mwanza siku ya mawingu: mwongozo kwa abiria

Kazi yangu hapa Mwanza ni kuwatafutia watu ndege ndogo za kukodi. Msimu wa mvua ukifika, simu huanza kabla jua halijachomoza. "Ndege itaruka leo?" "Huku Nyakato kumekucha kweupe, kwa nini rubani anasema hapana?" "Si apite tu chini ya hayo mawingu?" Maswali ni yaleyale, na wanaouliza ni watu wanaopanda ndege ya viti kumi na viwili kwa mara ya kwanza. Nimeyajibu mengi kwa simu hadi nikaona niyaandike.

Mwongozo huu ni wa abiria au mwenye kukodi ndege anayetoka Mwanza kwenda Arusha, Moshi au Manyara, yaani njia inayovuka milima. Rubani ana vitabu vyake na sheria zake, simfundishi kazi. Ila kuna maamuzi yaliyo mikononi mwako wewe unayelipa, na baadhi yake yanaweza kuokoa au kupoteza maisha ya watu wote waliomo.

Nianze na kosa langu

Masika moja, familia ya hapa mjini ilifiwa Moshi. Walitaka kuwahi maziko ya saa nane mchana. Rubani alisema tusubiri hadi saa tano. Mimi nikampigia: "Kapteni, jaribu tu, hawa watu wana msiba." Akajaribu. Serengeti yote ilikuwa wazi, nyumbu wanaonekana chini, abiria wametulia. Walipokaribia nyanda za juu wakakuta mawingu yamesimama kama ukuta. Akaingia pembeni kidogo kuona kama kuna upenyo, madirisha yakawa meupe pande zote, akageuza palepale na kurudi Mwanza. Waliposhuka, mama mmoja mtu mzima alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini hamkuniambia kwamba kuna mlima?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila ninayemtafutia ndege namwambia habari za mlima kabla sijamtajia bei.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Simu yenye intaneti, kwa ajili ya taarifa za hali ya hewa.
- Siku moja ya ziada kwenye ratiba yako. Kama huna siku hiyo, soma hatua ya 2 kabla hujalipa chochote.
- Nauli ya njia nyingine, iwe ya basi au ya ndege ya abiria ya kupitia Dar es Salaam. Itenge kabisa, usiiguse.
- Uzito halisi wa kila abiria na kila begi, uliopimwa kwenye mizani.
- Sweta au koti zito, hata kama Mwanza jua linawaka.
- Namba ya mtu wa kumpokea abiria huko mwisho, aliyeelezwa mapema kwamba ndege inaweza kuchelewa au kurudi.

Hatua ya 1: Ujue mlima uliopo njiani

Chukua ramani, weka rula kutoka Mwanza hadi Arusha. Ni kilomita 420 hivi. Mstari utapita juu ya Magu, karibu na Bariadi, kusini mwa Serengeti kwenye maeneo ya Ndutu, kisha utaikata kreta ya Ngorongoro. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Kaskazini-mashariki mwake kuna Loolmalasin, unaozidi mita 3,600. Ukivuka hapo unakutana na Meru, mita 4,566, ambao uko jirani kabisa na uwanja wa Arusha. Uwanja wa Mwanza wenyewe uko kwenye mita 1,147 tu.

Hapo ndipo watu wa kwetu wanapodanganyika. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu, ukigonga miteremko ya mashariki, upande wa Karatu, hupanda, hupoa na kuwa wingu. Ndiyo maana upande ule una msitu mnene wenye umande, na upande huu wa Serengeti ni mkavu. Sasa wewe unatoka upande mkavu. Unaona anga safi saa nzima, halafu dakika za mwisho ndipo wingu linapojitokeza, na ndani ya wingu hilo kuna mlima. Kwa hiyo ukiniambia Nyakato kumekucha kweupe, hujaniambia lolote kuhusu Karatu.

Tarehe 15 Novemba 2017, Cessna Caravan iliyokuwa ikitoka upande wa Arusha kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, ilianguka kwenye nyanda hizo, eneo la Empakaai. Watu wote 11 walikufa. Mbali kidogo na hapo, tarehe 18 Mei 1955, ndege aina ya Dakota ya shirika la East African Airways, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga kilele cha Mawenzi, mlima Kilimanjaro. Waliokufa ni 20. Milima ni ileile, na mawingu yanakuja miezi ileile.

Hatua ya 2: Weka siku ya ziada na njia ya pili kabla ya kulipa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu mwenye mkutano Arusha saa nne asubuhi anakodi ndege ya saa moja asubuhi ileile. Akifanya hivyo, tayari amemfunga rubani kamba, hata kama hajamwambia neno.

Fanya hivi: kama una jambo la Jumatano, ruka Jumanne. Mvua ikiwa nyingi, ruka Jumatatu. Kisha andika kwenye karatasi njia ya pili na saa ya mwisho ya kuiamua. Kwa mfano: "Ikifika saa sita mchana bila kuruka, tunakwenda kwa gari kupitia Shinyanga na Singida." Anayekwenda Serengeti tu hana haja ya kuvuka milima hata kidogo, kwani barabara ya Musoma itamfikisha lango la Ndabaka kwa saa chache.

Zungumza pia habari ya pesa mapema. Muulize mwenye ndege, na jibu liandikwe: "Rubani akiahirisha kwa sababu ya hali ya hewa, nalipa nini? Akigeuza njiani, nalipa nini?" Usilipe mahali ambapo kugeuza njiani kunakupotezea nauli yote, maana siku ile utatamani asigeuze.

Hatua ya 3: Muulize mwenye ndege maswali haya

Usione aibu. Mwenye ndege makini hufurahi kuulizwa.

a) Je, mna cheti cha kusafirisha abiria kwa malipo kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na ndege hii imo ndani yake? Rafiki mwenye ndege yake binafsi anayekwambia "changia mafuta tu" si jibu la swali hili.

b) Rubani atakayetupeleka ana kibali cha kuruka kwa vyombo, na amefanya mazoezi hayo karibuni? Kuna kuruka kwa macho, ambako rubani anaongozwa na ardhi na upeo anaouona nje, na kuna kuruka kwa vyombo, ambako anaongozwa na saa za vipimo zilizo mbele yake. Asiyezoea kuruka kwa vyombo akiingia ndani ya wingu, sikio lake la ndani humdanganya. Anahisi yuko sawa kumbe ndege inalala upande. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwapima marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Hizo hazitimii dakika tatu.

c) Ndege ina mtambo wa kuonya kuhusu ardhi, na ni ule unaotazama mbele? Mitambo ya kwanza ililazimishwa baada ya ajali kama ile ya ndege ya abiria TWA 514, iliyogonga mlima Virginia, Marekani, tarehe 1 Desemba 1974 na kuua watu 92. Ilipima ardhi iliyo chini ya tumbo la ndege tu, kwa hiyo mlima uliosimama wima mbele iliuona kwa kuchelewa. Mitambo ya sasa ina ramani ya milima ndani yake na hupiga kelele mapema. Ndege nyingine ndogo hazina.

d) Hewa ndani ya ndege imeshinikizwa, au kuna oksijeni? Hili wengi hawalijui, kwa hiyo nitapiga hesabu polepole. Anayeruka kwa vyombo juu ya milima anatakiwa kuwa angalau futi 2,000 juu ya kilele kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya kilomita 8 za njia yake. Tuseme njia inapita karibu na Loolmalasin, ambao ni karibu futi 12,000. Ongeza 2,000, unapata 14,000. Cessna Caravan haina hewa iliyoshinikizwa, na ukivuka futi 13,000 kila mtu ndani anapaswa kuwa na oksijeni. Kama haipo, rubani anabaki na njia tatu: kuzunguka mbali, kupita chini kati ya milima akiwa anaona, au kutokwenda. Siku ya mawingu ile ya pili inafutika. Ndege kama Pilatus PC-12 ina hewa iliyoshinikizwa na hupanda juu zaidi kwa starehe, lakini bei yake ni kubwa. Kwa familia yenye wazee na watoto, miezi ya mvua, mimi huwashauri watoe hiyo bei au wapite Dar.

e) Kuna kifaa cha kutuma ishara ya dharura cha 406 MHz, na kimekaguliwa? Setilaiti hukisikia kifaa hicho ndege ikianguka.

Hatua ya 4: Pima uzito bila kudanganya

Hapa sina mengi. Ndege nzito hupanda polepole, na uwanja wetu tayari uko juu, hewa ni nyepesi, joto la mchana linaifanya nyepesi zaidi. Ndege isiyopanda vizuri mbele ya mlima ni hatari. Ndoo ya sangara kwenye barafu, gunia la dagaa la shemeji, vyote vipande mizani. Nimewahi kushusha kilo 40 za samaki kwenye safari moja ambayo mwenyewe aliandika kilo 10.

Hatua ya 5: Jioni ya kuamkia safari, angalia utabiri wa sehemu tatu

Fungua utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Usiangalie Mwanza peke yake. Angalia Mwanza, angalia nyanda za juu za Ngorongoro na Karatu, angalia Arusha na Kilimanjaro.

Ziwa letu lina tabia yake. Usiku, upepo kutoka nchi kavu za pande zote hukutana katikati ya maji, ndiyo maana radi kubwa za ziwani hupiga usiku wa manane hadi alfajiri, kama wavuvi wa Igombe wanavyojua vizuri. Mchana mvua huhamia nchi kavu. Kwenye ukingo wa kreta nako ukungu hukaa asubuhi na kupungua jua linapopata nguvu, halafu mchana mawingu marefu huanza kujijenga. Ukijumlisha hayo, nafasi nzuri ya kuvuka mara nyingi ni kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Mtu anayeng'ang'ania kuondoka saa kumi na mbili alfajiri "ili tuwahi" huwa anauwahi ukungu.

Usisahau na jioni. Viwanja vingi vya hifadhini havina taa. Safari iliyosogezwa hadi saa kumi alasiri inaanza kukimbizana na giza, na giza likijumlishwa na wingu na mlima hakuna tena cha kujadili.

Hatua ya 6: Asubuhi, soma taarifa ya uwanja wewe mwenyewe

Viwanja vikubwa hutoa taarifa fupi iitwayo METAR, na inapatikana bure mtandaoni. Tafuta kwa herufi za uwanja: HTMW ni Mwanza, HTKJ ni Kilimanjaro, HTAR ni Arusha, HTBU ni Bukoba. Huu ni mfano niliotunga ili ujifunze:

HTMW 060400Z 14006KT 3000 RA BKN008 OVC030 20/19 Q1018

Isome hivi.

060400Z: tarehe 6, saa 0400 za kimataifa. Kwa saa zetu za Kiswahili, toa tatu: nne kutoa tatu ni moja, yaani saa moja asubuhi. Ukiona 0700Z, ni saa nne.

14006KT: upepo unatoka nyuzi 140, yaani kusini-mashariki, kwa noti 6, kama kilomita 11 kwa saa.

3000: unaona umbali wa mita 3,000. Ukikuta 9999 ni kilomita 10 au zaidi.

RA ni mvua. Ukiona TS ni radi. FG ni ukungu mzito, huoni hata kilomita moja. BR ni ukungu mwepesi.

BKN008: mawingu yamefunika sehemu kubwa ya anga, na kitako chake kiko futi 800 juu ya uwanja. Zile tarakimu tatu zidishe kwa 100. FEW na SCT ni mawingu ya kuachana, BKN na OVC ndiyo yanayoziba.

20/19: joto ni nyuzi 20, na hewa itaanza kutoa umande ikishuka hadi 19. Namba hizo mbili zikikaribiana hivyo, ukungu uko mlangoni.

Q1018 ni mgandamizo wa hewa, mwachie rubani.

Kwa mfano huo, anayeruka kwa macho haruhusiwi kuondoka kwenye uwanja unaoongozwa bila kibali maalumu, kwani kanuni za kimataifa zinataka mwonekano usipungue kilomita 5 na dari la mawingu lisiwe chini ya futi 1,500. Vyote viwili vimekosekana.

Sasa fanya hesabu ninayowafundisha wote. Chukua kitako cha wingu, ongeza urefu wa uwanja, linganisha na mlima. Tuseme siku nyingine Mwanza inasema BKN050. Ni futi 5,000 juu ya uwanja. Uwanja uko futi 3,763. Jumla ni kama 8,760, sawa na mita 2,670. Ukingo wa kreta unapita chini ya hapo kidogo, Loolmalasin unapita juu sana. Na mlimani wingu hushuka chini kuliko kwenye tambarare. Kwa hiyo siku ambayo hapa mjini utaiita nzuri, vilele vimo ndani ya wingu.

Onyo: usiitumie METAR kumbishia rubani aliyekataa. Kazi yake kwako ni kukuandaa, na kukupa swali la kumuuliza rubani aliyekubali.

Hatua ya 7: Zungumza na rubani uwanjani, kwa maneno haya

Mfuate kabla hajaanza kukagua ndege. Msalimie, kisha muulize mambo matatu:

"Kapteni, tukikuta milima imefungwa, tutageuzia wapi?" Jibu zuri lina jina la mahali: Seronera, Ndutu, au kurudi hapahapa. "Tutaona hukohuko" si jibu.

"Mafuta yanatosha kwenda hadi mlimani, kuzunguka, na kurudi?"

"Uamuzi wa kugeuza utaufanyia wapi?" Rubani mzuri ana mahali alipochagua, kabla ya mlima, ambapo asipoona mbele anageuza bila kujishauri tena.

Halafu mwambie, na umaanishe: "Kapteni, ukigeuza hatutakulaumu. Tumejipanga." Waite na wenzako wasikie.

Usiyaone haya kuwa maneno ya adabu tu. Tarehe 26 Januari 2020 helikopta iliyombeba mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant iligonga kilima Calabasas, California, kwenye mawingu, na watu 9 wakafa. Wachunguzi wa Marekani walisema rubani aliendelea kuruka kwa macho hadi ndani ya wingu na akapoteza mwelekeo, na kwamba shinikizo alilojiwekea mwenyewe lilichangia. Hawakukuta ushahidi kwamba abiria au mwenye ndege alimlazimisha. Rubani mwema hutaka kumfikisha mteja wake, na mzigo huo anaubeba kimyakimya. Mwenye uwezo wa kumtua ni wewe, na unamtua kwa sentensi moja.

Mambo ya kutosema: "Jana mwenzako alipita." "Tumeshalipa." "Mheshimiwa anatusubiri." Na ile niliyoisema mimi, "jaribu tu."

Hatua ya 8: Ndani ya ndege

Vaa koti lako au liweke mapajani, si kwenye begi lililofungiwa nyuma. Mwanza ikiwa nyuzi 27, kwenye mteremko wa mita 3,300 ni kama 13, na usiku hushuka zaidi. Funga mkanda wa kiuno na wa bega hadi mwisho wa safari. Angalia mlango unafunguliwaje, ushike kitasa kwa mkono kabla ya kuondoka ili mkono ukumbuke. Muulize rubani kisanduku cha huduma ya kwanza na kifaa cha ishara viko wapi.

Ndege ikiingia kwenye wingu nyamaza. Usimguse bega rubani, usimwonyeshe kitu dirishani, usipige kelele. Akigeuza, waambie wenzako kwa sauti tulivu: "Tunarudi, ni sawa."

Anayekwenda Bukoba au visiwani havuki milima hii, ila wingu na maji navyo vinaua. Sote tunaikumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 iliyokuwa ikitua Bukoba kwenye mvua ikaingia ziwani karibu kabisa na uwanja. Kati ya watu 43, walikufa 19, na waliofika kwanza kuokoa ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Kwa njia hiyo ongeza jambo moja: jua jaketi la kujiokolea liko wapi, livae likibidi, na usilijaze upepo ukiwa bado ndani. Maji yakiingia, jaketi lililojaa litakubana darini na hutaweza kupiga mbizi kuufuata mlango.

Hatua ya 9: Mtu aliyebaki nyumbani awe na kazi

Mwachie karatasi yenye namba ya usajili wa ndege, saa ya kuondoka, njia, saa ya kufika na namba ya ofisi ya mwenye ndege. Ikipita nusu saa bila habari, apige simu kwa mwenye ndege, kisha uwanjani. Asingoje jioni. Ndege iliyoanguka Aberdare, Kenya, tarehe 5 Juni 2018 ikiwa na watu 10 ilionekana siku mbili baadaye, tarehe 7. Ile iliyombeba Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, tarehe 10 Juni 2024, ilishindwa kutua Mzuzu kwa sababu ya mwonekano hafifu, ikaambiwa irudi, na mabaki yake yakapatikana kesho yake msituni Chikangawa. Wingu linaloficha mlima ndilo linalowazuia na waokoaji, kwa hiyo kila dakika ya kuanza mapema ina thamani.

Mkinusurika ajali mlimani, tokeni kwenye mafuta yanayovuja, kisha kaeni karibu na ndege. Ndiyo yenye ishara, na ni rahisi kuiona kutoka juu kuliko mtu anayetembea msituni.

Mambo yakienda kombo

*METAR ya Mwanza na ya Kilimanjaro ni nzuri, rubani bado anakataa.* Karatu haina METAR. Inawezekana amepiga simu kwa mtu aliyeko kwenye ukingo wa kreta akaambiwa huko magari yamewasha taa mchana. Simu hiyo ina uzito kuliko hizo METAR mbili. Subiri.

*Rubani mmoja amekataa, mwenye ndege anataka kuleta mwingine atakayekubali.* Usipande. Kama mwenye ndege anatafuta rubani wa kukubali, amekwisha kukuonyesha anavyofanya kazi. Dai pesa zako kwa maandishi mliyoandikiana.

*Abiria mwenzako, tena mkubwa wako, anamshinikiza rubani.* Usibishane naye mbele ya rubani. Mchukue pembeni: "Mzee, mimi naogopa, naomba tusubiri." Beba woga huo wewe. Mkubwa atakubali kusubiri kwa ajili ya woga wako wakati asingekubali kwa ajili ya hoja yako.

*Mmegeuza na kutua Seronera, hamjui kesho itakuwaje.* Mjulishe anayewapokea, na yule wa nyumbani. Uliza bei ya gari kutoka hapo kupitia Ngorongoro hadi Karatu. Barabara ile hupita kwenye ukingo wenyewe, ina ukungu na utelezi, kwa hiyo msiondoke jioni.

*Uko ndani ya ndege, rubani anashuka chini kutafuta upenyo kati ya vilima.* Kama una kisikizi cha mawasiliano, sema mara moja, kwa sauti ya kawaida: "Kapteni, tuko tayari kurudi." Kisha nyamaza umwache afanye kazi.

*Saa sita imefika, anga limeanza kufunguka, na wote wanasema tungoje kidogo.* Muulize rubani saa atakayofika akiondoka sasa hivi, na saa ya giza huko mwisho. Kama kati ya hizo mbili hamna nafasi ya kwenda, kugeuza na kurudi kukiwa na mwanga, toa ile karatasi uliyoandika kwenye hatua ya 2, mpigie mwenye gari.